Steringi Yuko Wapi? Kuhusu sehemu ya tamthilia inayomfuata mhusika msaidizi

Kijana alirudi dukani na flashi mkononi, amekasirika kweli. Ni lile duka la mtaani kwetu la kuingiziwa muvi na tamthilia, nami nilikuwa kwenye benchi nasubiri zamu yangu. "Kaka, umeniwekea kitu kingine humu. Sehemu ya saba siyo yenyewe. Steringi haonekani, mgahawa siyo ule, watu wenyewe siwajui." Mwenye duka akachomeka flashi, akalifungua faili, akalitazama jina lake. Lilikuwa lenyewe. Akaangalia dakika mbili tatu, akasema labda waliolipandisha mtandaoni walichanganya.

Hakuna aliyechanganya. Tamthilia ilikuwa The Bear, msimu wa pili, uliotoka Juni 2023, na sehemu ya saba inaitwa "Forks", yaani uma za kulia chakula. Watengenezaji walikusudia kabisa mtazamaji akae na mtu mmoja ambaye si steringi, mahali pageni, kwa zaidi ya nusu saa. Nilijaribu kumweleza yule kijana palepale, lakini foleni ilikuwa ndefu na maneno yalinijaa mdomoni, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuziona kwenye televisheni. Kwa hiyo namalizia hapa maelezo yangu. Nitataja yanayotokea, ambaye hajaiona na hapendi kuhadithiwa, akaiangalie kwanza.

Tuanze na majina. Kwenye fasihi shuleni tulifundishwa kwamba kuna mhusika mkuu, ambaye kisa kinaanza naye na kuisha naye, na kuna wahusika wasaidizi, wanaomzunguka: rafiki, mama, adui, jirani. Mtaani mhusika mkuu tunamwita steringi, na kila aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua kanuni kwamba steringi hafi. Tulifundishwa pia kitu kingine ambacho wengi tulikikariri kwa ajili ya mtihani tu: mhusika bapa na mhusika duara. Bapa unamwona upande mmoja. Mlevi ni mlevi, mchekeshaji ni mchekeshaji, kila akiingia unajua atafanya nini. Duara ana pande nyingi, anabadilika, anakushangaza.

Sehemu ninayoizungumzia ni ile ambayo mhusika msaidizi anakabidhiwa kisa kizima. Kamera inaamka naye, inakwenda naye kazini, inalala naye. Steringi anaweza kupita mara moja, au akasikika kwenye simu, au asiwepo kabisa. Sehemu inayofuata, mambo yanarudi kama kawaida. Kazi yake kubwa ni kumchukua mtu tuliyemwona bapa na kumzungusha mbele ya macho yetu mpaka tuone kwamba muda wote huo alikuwa duara.

Mfano ninaoujua wa karibu ni shangazi yangu. Ni mpishi wa shughuli. Harusi za ukoo wetu karibu zote pilau ni lake. Kwenye video ya harusi ya kaka yangu anaonekana mara moja, sekunde nne hivi: anapita nyuma ya jukwaa, kanga kiunoni, sinia mikononi, ameinamisha uso kwa kuona haya kamera. Sasa chukua harusi ileile, siku ileile, lakini kamera ifuatane na yeye. Saa tisa usiku yuko uani anachagua mchele kwa mwanga wa simu. Kuni zimeloa. Nyama iliyoletwa imepungua na kijana aliyeileta anaapa kwamba alipimiwa hivyohivyo. MC anapowaita maharusi waingie ukumbini, shangazi anasikia vigelegele kwa mbali tu, yeye anapalia makaa juu ya mfuniko. Bibi harusi hajapungukiwa kitu, harusi haijasimama, na wala haijabadilika. Ila wewe umeona shughuli nyingine kabisa, na ukiirudia ile video ya kwanza, zile sekunde nne za sinia haziwezi tena kukupita hivi hivi.

Basi Richie wa The Bear ndiye mtu wa sinia.

Tamthilia yenyewe inahusu Carmy, mpishi kijana aliyepikia migahawa mikubwa ya kitajiri, anayerudi kwao Chicago kuendesha duka la familia la sandwichi baada ya kaka yake, Mikey, kujiua. Carmy anaigizwa na Jeremy Allen White. Richie, anayeigizwa na Ebon Moss-Bachrach, alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu. Wanaitana binamu ingawa hawana damu moja, undugu wa kuitana ambao sisi hatuhitaji kufafanuliwa. Msimu wa kwanza wote Richie ni kelele. Anabisha, anatukana, anapinga kila badiliko, na mtazamaji anabaki kujiuliza kwa nini Carmy hamfukuzi. Ana miaka 45, ndoa imevunjika, ana binti mdogo anayempenda sana, na duka alilolijua linabomolewa ligeuzwe mgahawa wa kisasa ambao yeye haoni nafasi yake ndani yake. Mwanzoni mwa msimu wa pili anamuuliza Carmy kama huwa anafikiria kuhusu kusudi la maisha. Ni swali la mtu anayeogopa kuachwa nyuma, ila linapita haraka, katikati ya vumbi la ukarabati.

Kisha inakuja sehemu ya saba. Carmy amempeleka akajifunze kazi kwa wiki moja kwenye mgahawa wa hadhi ya juu kabisa. (Walipigia picha ndani ya mgahawa wa kweli wa Chicago, unaoitwa Ever.) Richie anaamini ameadhibiwa. Anaamka alfajiri, anafika, anapewa kitambaa na uma. Kazi yake ni kuzifuta uma mpaka zisibaki na mchirizi hata mmoja, siku nzima. Kesho yake, uma tena.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndipo utamu ulipo. Kamera inazisogelea uma. Unaona kitambaa kinapita kwenye meno yake, unaona ameinua mmoja kwenye taa, kuna alama ya maji, anarudia. Anafanya kwa dharau, mdomo umebinuka. Garrett, kijana anayemsimamia, anamtoa nje na kumwambia bila kumpigia kelele kwamba hamlazimishi apende uma, anachomtaka ni heshima: kwa wenzake, kwa wageni watakaokula, kwa yeye mwenyewe. Mara ya kwanza nilipoiona nilidhani Richie atamrukia. Hakumrukia. Kuanzia pale unamwona anavyoanza kusikiliza. Anagundua kwamba watu wa mgahawa huu wanawachunguza wageni wao kwa upendo, wanajua meza gani ina mwalimu aliyejinyima muda mrefu ili aje kula hapa. Meza moja wageni wanasikika wakisikitika kwamba wanaondoka Chicago bila kuonja piza nene ya mji huo, ile inayookwa kwenye chombo chenye kina. Richie anakwenda mbio kuinunua. Mpishi anaikata vipande vidogo vya duara, anaipamba kama chakula cha kifalme, na Richie mwenyewe ndiye anayeipeleka mezani. Angalia uso wake anapoitua. Mtu yuleyule aliyekuwa kero ya duka zima kumbe miaka yote alikuwa na kipaji cha kufurahisha watu, na hakuna aliyewahi kumwekea sahani mkononi na kumwambia mpelekee yule. Usiku huo anarudi nyumbani anaendesha gari huku anaimba kwa sauti yote wimbo wa Taylor Swift, mwanamuziki ambaye bintiye anampenda.

Siku ya mwisho anamkuta mpishi mkuu na mwenye mgahawa, Terry, anamenya uyoga peke yake asubuhi. Anaigizwa na Olivia Colman wa Uingereza, na mpaka dakika hiyo hajaonekana. Richie anashika kisu, anamenya naye. Kwa nini bosi mzima anamenya uyoga? Ili mgeni ajue kuna mtu aliyetumia muda wake kwa ajili ya sahani yake. Halafu anamwambia Richie kitu ambacho Richie hakukitegemea: kwamba Carmy alimsifu, alisema ni mtu anayejua kuishi na watu. Yaani hakuletwa kwa adhabu. Nimeiangalia mara nyingi kuliko nilivyohesabu, na uyoga ule bado unanitoa machozi.

Sasa tuone kinachofanyika kiufundi, maana furaha hii haitokei kwa bahati. Kila kisa kinaendeshwa na mtu anayetaka kitu. Kwa kawaida anayetaka ni steringi, na wengine wote tunawapima kwa jinsi wanavyomsaidia au kumzuia. Richie anapobishana na Carmy tunakasirika kwa sababu tumekaa upande wa Carmy. Kwenye "Forks" waandishi wanahamisha utashi. Anayetaka kitu ni Richie, na Carmy ndiye anayegeuka kuwa mtu wa pembeni, bosi fulani aliyempeleka mwenzake mahali bila kumweleza sababu. Hakuna tukio la zamani lililobadilishwa. Kilichohama ni kiti chako wewe mtazamaji. Ndiyo maana yule kijana wa flashi alihisi amepewa tamthilia nyingine: aliamka akajikuta amekaa kiti cha mtu mwingine, na hakuna aliyemwonya.

Sababu nyingine ya mkanganyiko ni mazoea yetu. Tamthilia tulizozoea za kila jioni, za Kituruki, Kihindi, Kifilipino na hizi za nyumbani, kila sehemu inagawa vipande kwa kila nyumba: dakika tatu kwa tajiri, mbili kwa mama mkwe, moja kwa mfanyakazi wa ndani anayesikiliza mlangoni. Kila mtu anaguswa kila siku. Kwa mtazamaji wa namna hiyo, kukaa na mtu mmoja sehemu nzima ni kama kuingia daladala ya Kariakoo ikakupeleka Mbagala.

Mtindo wenyewe si mpya. Mwaka 1994 Star Trek: The Next Generation ilitoa sehemu inayoitwa "Lower Decks", iliyowafuata maofisa wadogo wa chombo cha angani, wale ambao kila siku hupokea amri bila kujua kinachoamuliwa juu. Mwaka 1999 Buffy the Vampire Slayer ilifanya kitu ninachokipenda mno: Xander, rafiki asiye na nguvu zozote za ajabu, anawekwa kando kwa usalama wake wakati wenzake wanapambana kuzuia dunia isiangamie. Tunabaki naye. Vita kubwa tunaiona kwa kuchungulia tu, Xander anapofungua mlango na kukuta wenzake wanahangaika, kisha anafunga na kuendelea na balaa lake mwenyewe. Shangazi na vigelegele, kabisa.

Yako maneno ninayoyasikia mara kwa mara kuhusu sehemu hizi, na mengi yanahitaji kunyooshwa.

La kwanza na la kawaida kuliko yote ni kwamba ni sehemu za kujazia, ziruke tu. Sehemu za kujazia zipo kweli. Wapenzi wa katuni za Kijapani wanazijua vizuri: Naruto, kwa mfano, ilipokaribia kukipita kitabu chake cha michoro kilichokuwa bado kinaandikwa, watengenezaji walitunga visa vya pembeni ili kusubiri. Kipimo chake ni rahisi. Iondoe sehemu hiyo, kisha uone kama mbele kuna kitu kinachoyumba. Ukiiondoa "Forks", sehemu ya kumi ya msimu huohuo haieleweki. Na kuna hesabu nyingine ambayo watu hawaifanyi. Zamani tamthilia za vituo vikubwa vya Marekani zilikuwa na sehemu 22 hivi kwa msimu, kwa hiyo kumpa mhusika msaidizi moja kulikuwa sadaka ndogo. Msimu wa pili wa The Bear una sehemu 10 tu. Anayetoa moja ya kumi ya alichonacho hajazi nafasi.

La pili: steringi anaumwa, au amegombana nao. Hapa kuna chembe ya ukweli, lakini si kwa namna inayosemwa vijiweni. Wakati mwingine ratiba ndiyo inayoamua. Doctor Who ya Uingereza ilikuwa na sehemu nyingi za kurekodi kwa mwaka kuliko muda waliokuwa nao, wakaanza kurekodi mbili kwa wakati mmoja, na moja kati ya hizo ililazimika kwenda karibu bila mhusika mkuu. Kutokana na ulazima huo ilizaliwa "Blink" ya mwaka 2007, inayobebwa na msichana ambaye hakuwahi hata kuwamo kwenye tamthilia kabla ya hapo. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Hugo, ile ya kazi za kubuni za kisayansi, na hadi leo mashabiki wanaiweka kati ya sehemu bora kabisa za Doctor Who. Ulazima ulianzisha, ufundi ukamaliza.

La tatu: akipewa sehemu yake, ujue anakufa. Hili nalo halikutoka hewani. Kwenye Lost, tamthilia ya abiria wa ndege iliyoanguka kisiwani, iliyojengwa yote kwa kumpa kila mmoja wao zamu yake, abiria aitwaye Charlie alipewa sehemu ya kukumbuka siku zake bora kabla tu ya mwisho wa msimu wa tatu, mwaka 2007, na mwisho wa msimu akazama majini. Waandishi wanajua kwamba hatumlilii tusiyemjua. Lakini si sheria. Richie alitoka kwenye wiki yake ya uma akiwa hai kuliko alivyoingia.

Wengine huchanganya na tamthilia inayozaliwa kutoka nyingine. Saul Goodman alianza kama wakili wa pembeni ndani ya Breaking Bad mwaka 2009, na mwaka 2015 akafunguliwa tamthilia yake. Huko ni kuhama nyumba. Hapa tunazungumzia mtu aliyelala kwenye kitanda cha mwenye nyumba usiku mmoja.

Na niliseme hili, kwa kuwa linaniuma: "msaidizi" haina maana ya kipaji cha pili. Moss-Bachrach, yule anayemwigiza Richie, alichukua tuzo ya Emmy, ile ya televisheni ya Marekani, ya mwigizaji msaidizi wa vichekesho mara mbili ndani ya mwaka mmoja, Januari na Septemba 2024, kwa kuwa tuzo za 2023 zilisogezwa mbele. Septemba hiyohiyo, upande wa wanawake tuzo ikaenda kwa Liza Colón-Zayas, ndani ya tamthilia hiyohiyo. Yeye anaigiza Tina, mpishi mtu mzima ambaye msimu wa kwanza alikuwa mkali kwa Sydney, msichana aliyeletwa kuwapanga upya jikoni.

Tina naye alipata zamu yake msimu wa tatu, Juni 2024, sehemu inayoitwa "Napkins". Aliyeiongoza ni Ayo Edebiri, mwigizaji wa Sydney mwenyewe. Yaani msichana aliyekuwa akisumbuliwa na Tina ndani ya kisa ndiye aliyeshika kamera kumtazama. Tunarudishwa miaka nyuma. Tina anapunguzwa kazini baada ya miaka 15, anazunguka mji na karatasi za wasifu wake, kila anapofika anaambiwa aombe mtandaoni. Mumewe ndani ya kisa ni mumewe kweli nje ya kisa, David Zayas. Siku moja, amechoka, anaingia kwenye duka la sandwichi kunywa kahawa. Mtu mmoja mwenye makelele kaunta anamsukumia sandwichi ya bure, oda iliyokosewa. Tina anakwenda kukaa nayo nyuma, na anapoanza kula, anavunjika kulia. Mtu huyo wa makelele ni Richie. Aliyekuja kukaa naye mezani, na mwishowe akampa kazi, ni marehemu Mikey.

Baada ya kuiona nilirudi msimu wa kwanza, nikamtafuta Tina nyuma ya kila tukio la jikoni. Yupo. Anakata vitunguu, amenuna, anamtazama Sydney kwa jicho la pembeni. Zamani niliona ukorofi. Sasa namwona mwanamke aliyekwisha kupoteza kazi mara moja, na mbele yake kuna msichana mdogo mwenye daftari anayetaka kubadilisha kila kitu.

Kwa hiyo kwako ndugu yangu wa flashi, kama maneno haya yatakufikia: usilifute hilo faili. Liangalie lote, kisha nenda moja kwa moja mpaka sehemu ya kumi, usiku mgahawa mpya unapofunguliwa kwa ndugu na marafiki. Steringi wako utampata. Atajifungia kwa bahati mbaya ndani ya chumba cha baridi, mlango utagoma, oda zitakuwa zinamiminika na jikoni kutaanza kuwaka moto wa kuchanganyikiwa. Atahitajika mtu wa kusimama pale sahani zinapotokea, azisome oda kwa sauti, ajue meza ipi imengoja sana. Atajitokeza mmoja amevaa suti. Tazama mikono yake.